Ufunguzi Unaokuonyesha Ulipokosea: Hotuba kwa Wanaoanza Sataranji Jijini Mwanza

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, walimu walezi, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi nasi, na ninyi wanafunzi mliotoka Kirumba, Nyegezi, Igoma na wengine hata ng'ambo kule Sengerema: wazee wangu shikamooni, na vijana nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni namna mchezaji anayeanza sataranji anavyopaswa kuchagua ufunguzi, yaani zile hatua za mwanzo ambazo kwazo kete hutolewa mahali pake na kupangwa kabla mapambano yenyewe hayajakolea. Swali hili huulizwa kwa sura nyingi. Wapo wanaouliza ufunguzi upi ni bora kuliko wote, wapo wanaouliza upi unashinda haraka, na wapo, hasa wale wenye simu na bando la kutosha, wanaokuja na orodha ndefu ya majina na kutaka wachaguliwe moja. Jibu langu kwa wote hao ni hili, na nitatumia muda niliopewa kulitetea: anayeanza achague ufunguzi ambao akishindwa ataweza kujua kwa nini ameshindwa. Uzuri wa jina, sifa za mabingwa wanaoutumia na wepesi wa kuukariri ni mambo yanayoweza kusubiri.

Nitataja nyumba za ubao kwa herufi na namba kama mlivyofundishwa, herufi a hadi h kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba 1 hadi 8 kutoka kwake kwenda kwa Mweusi. Wazazi ambao hamjazoea msiwe na wasiwasi, kwani ubao mkubwa uko ukutani na mwalimu atakuwa akisogeza kete kila ninapotaja hatua.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe, maana ndio unaoonyesha kwa nini kukariri peke yake hakutoshi. Mweupe anapoketi mbele ya ubao ana hatua 20 za kuchagua: 16 za askari, kwa kuwa kila mmoja wa askari wanane anaweza kusogea nyumba moja au mbili, na 4 za farasi. Mweusi naye ana 20, hivyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu tayari kuna njia 400 ambazo mchezo ungeweza kupita. Mweupe akicheza hatua yake ya pili njia hizo zinakuwa 8,902, na Mweusi akijibu zinafika 197,281. Hapo kila mmoja amecheza mara mbili tu, na bado hakuna aliyepata muda wa kunywa hata maji. Mtoto aliyekariri hatua nane za ufunguzi fulani kutoka kwenye video hukutana na mpinzani asiyeiona video hiyo, ambaye katika hatua ya tatu anasogeza askari wa pembeni kabisa, na papo hapo yule aliyekariri anabaki amekodoa macho. Kinachomvusha mtu hapo ni kujua sababu ya kila hatua aliyokwisha kuicheza, kwa sababu sababu hiyo hiyo ndiyo itakayompa hatua inayofuata.

Sababu zenyewe za mwanzo wa mchezo mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Tunataka kuzishika nyumba nne za katikati, yaani d4, e4, d5 na e5, kwa sababu kete iliyo katikati inafika pande zote. Tunataka farasi na maaskofu watoke mapema, kila mmoja kwa hatua moja ikiwezekana, bila kumsogeza mmoja mara tatu wakati wenzake wamelala. Tunataka pia mfalme aingizwe ngomeni mapema, kwa ile hatua ambayo anaruka nyumba mbili na ngome inaruka kuja kumkinga. Ufunguzi wowote unaostahili jina hilo unatafuta mambo haya, ila funguzi zinatofautiana katika jambo ambalo wengi hawaliangalii: kwenye baadhi yake, ukivunja kanuni hizi unaadhibiwa baada ya hatua tatu nne mbele ya macho yako, na kwenye nyingine adhabu inakuja hatua ya 30, wakati umeshasahau ulikosea wapi.

Kabla ya kufika kwenye ninachokipendekeza, sina budi kusema juu ya ule mtego ambao kila mtoto wa shule anayeanza sataranji katika jiji hili anaujua, na wengi wenu mmeshausimamia kwa fahari wakati wa mapumziko. Mweupe anamsogeza askari wake e4, Mweusi anajibu e5, kisha Mweupe anamtoa malkia moja kwa moja hadi h5. Hatua inayofuata anamleta askofu c4, na sasa malkia na askofu wote wawili wanaitazama nyumba ya f7, ambayo mwanzoni mwa mchezo inalindwa na mfalme peke yake. Mweusi akizubaa, malkia anakula f7 na mchezo umekwisha, chekmeti, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kukimbilia, katika hatua ya nne.

Tuuangalie kwa karibu. Malkia akishafika h5, wengi wanaogopa na kumsukuma askari wa g hadi g6 ili wamfukuze palepale. Hilo ni kosa kubwa kuliko woga uliolisababisha, kwa sababu malkia anakula e5 kwa cheki, yaani huku akimshambulia mfalme, na kutoka e5 mstari wa mshazari uko wazi hadi h8. Mweusi akishamkinga mfalme wake, ngome yake ya h8 inaliwa. Jibu sahihi ni kumtoa farasi hadi c6 ili aulinde kwanza ule e5. Mweupe akileta askofu c4 na kutishia f7, sasa ndipo askari wa g anakwenda g6, kwa kuwa e5 ina mlinzi. Malkia akirudi f3 akitazama tena f7, farasi wa pili anatoka hadi f6 na kuufunga mstari ule. Hesabuni basi: Mweusi ana farasi wawili nje, askofu wake wa f8 ana njia kupitia g7, na mfalme wake yuko karibu kuingia ngomeni. Mweupe ana malkia aliyetembea mara mbili na kukaa f3, nyumba ambayo farasi wake alikuwa anaihitaji.

Sisemi kwamba mtego huu ni dhambi. Ninachosema ni kwamba haufundishi. Ukishinda kwa mtego huu umeshinda kwa sababu mwenzako hakujua, na kesho akijua huna cha kufanya. Na mbaya zaidi, ushindi wa namna hiyo unamwambia mtoto kwamba amecheza vizuri wakati alichokifanya ni kusubiri kosa. Walimu, msiupige marufuku. Fundisheni namna ya kuujibu katika somo la kwanza kabisa, na mtaona wenyewe kwamba ndani ya muda mfupi hakuna tena anayeucheza.

Sasa nije kwenye pendekezo. Kwa Mweupe anayeanza, mimi nasema achague Ufunguzi wa Kiitalia na akae nao. Askari anakwenda e4, Mweusi anajibu e5. Farasi anatoka f3, na Mweusi anamtoa wake c6. Askofu anakwenda c4. Hatua tatu tu, na kila moja inaweza kuelezwa na mtoto wa darasa la tano kwa sentensi moja: askari wa e4 anashika katikati na kuwafungulia njia malkia na askofu, farasi wa f3 anatoka na papo hapo anamtishia askari wa e5, ndiyo maana Mweusi analazimika kufikiri, askofu wa c4 anaitazama ile f7 dhaifu, na zaidi ya hapo ameondoka f1, hivyo mfalme anaweza kuingia ngomeni hatua inayofuata. Farasi wa c6 naye ana sababu yake, nayo ni kumlinda askari aliyetishiwa. Hakuna hatua hata moja hapa ambayo mchezaji anaicheza kwa sababu ameambiwa tu.

Ufunguzi huu ni wa zamani. Malkia alipopewa nguvu alizo nazo leo, kuelekea mwisho wa karne ya 15 huko Ulaya ya kusini, mchezo mzima uliharakishwa, na ndipo watu wakaanza kuandika ni hatua zipi za mwanzo zinazofaa na zipi zinazoua. Pedro Damiano, Mreno aliyekuwa mtengeneza dawa, alichapisha kitabu chake mjini Roma mwaka 1512, na ndani yake aliilaani hatua ya kumlinda askari wa e5 kwa kumsogeza askari wa f hadi f6. Historia haikumtendea haki, kwani hadi leo hatua hiyo mbovu inaitwa kwa jina lake. Ninaitaja kwa sababu wanaotoka kwenye drafti huiona ni hatua ya busara, askari kumlinda askari mwenzake. Tazameni kinachotokea: farasi wa f3 anakula e5 hata hivyo. Askari wa f6 akimla farasi, malkia wa Mweupe anakuja h5 kwa cheki. Mweusi akimkinga mfalme kwa askari wa g6, malkia anakula e5 kwa cheki nyingine, kisha anachukua ngome ya h8. Mfalme akikimbilia e7, malkia anakula e5 kwa cheki, mfalme anakwenda f7, askofu anatoka c4 kwa cheki nyingine tena, na mfalme anaanza safari ya kutembea katikati ya ubao bila kinga. Kosa lilifanyika hatua ya pili na adhabu ikafika hatua ya nne. Mtoto hahitaji mwalimu wa kumwonyesha uhusiano kati ya hayo mawili.

Hiyo ndiyo sifa ninayoipenda katika michezo inayoanza kwa e4 na e5. Mistari inafunguka mapema, kete zinagusana mapema, na anayechelewa anaonekana kwamba amechelewa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mchezo uliochezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera, ambapo kijana Mmarekani aitwaye Paul Morphy, akiwa na miaka 21, alicheza dhidi ya makabaila wawili, Duke wa Brunswick na Count Isouard, ambao walishauriana dhidi yake. Wale wawili walijibu farasi wa f3 kwa kumsogeza askari wa d hadi d6, jibu lisilo baya, lakini hatua iliyofuata wakamtoa askofu hadi g4 kumbana farasi. Morphy alikuwa ameshamweka askari d4. Alikula e5, na wao wakajikuta wanalazimika kumtoa askofu wao kwa kumla farasi wa f3, kwa sababu wangekula e5 kwanza malkia wangebadilishana na farasi aliyeachiwa angechukua askari bure. Malkia wa Morphy akala f3, askofu wake akatoka c4, kisha malkia akahamia b3 na kutishia f7 na b7 kwa wakati mmoja. Wakaweka malkia wao e7 ili wailinde f7. Hapo ndipo napenda kusimama kila ninapoufundisha mchezo huu, kwa sababu ukiitazama hatua hiyo unaona kwamba malkia amekaa mbele ya askofu wake mwenyewe na kumfungia ndani.

Mchezo uliisha hatua ya 17. Morphy alitoa farasi, akatoa ngome, na hatua ya 16 akamtoa malkia wake aliwe b8, kisha ngome yake pekee iliyobaki ikashuka d8 na kufunga hesabu. Watu hushangilia yule malkia. Mimi nawaomba mtazame pembe ya juu kulia ya ubao mchezo unapokwisha: askofu wa f8 na ngome ya h8 hawajasogea hata mara moja. Mweusi alipigana akiwa na kete mbili zilizolala, na yeyote anayeucheza mchezo ule upya ubaoni anaweza kuweka kidole kwenye hatua ambayo ziliwekewa kufuli. Huu ndio ufunguzi ninaomtakia anayeanza, ambao hata ukimshinda unamwachia alama za nyayo.

Kwa sababu hiyo hiyo siwapi wanaoanza Ufunguzi wa Kihispania, ingawa ni ndugu wa ule wa Kiitalia na umepewa jina la padri Ruy López, aliyeandika juu yake mwaka 1561. Tofauti ni kwamba askofu anakwenda b5 badala ya c4. Anamkabili farasi wa c6 anayemlinda e5, na kila anayeanza anadhani sasa askari yule atapatikana bure. Lakini askofu akimla farasi wa c6, na Mweusi akala kwa askari wa d, kisha farasi wa Mweupe akala e5, malkia wa Mweusi anakwenda d4, anamtishia farasi na askari wa e4 kwa pamoja, na askari anarudi. Kumbe shinikizo la askofu wa b5 ni la muda mrefu, linaonekana zaidi baadaye. Ni ufunguzi mzuri mno, ila sababu zake zimefichwa, na mnajua sasa ninavyoona juu ya sababu zilizofichwa.

Kuna ufunguzi mwingine ambao nikiusema vibaya nitapata maadui ndani ya ukumbi huu, nao ni Mfumo wa London. Mweupe anacheza d4, askofu f4, farasi f3, askari e3 na c3, askofu wa pili d3, farasi wa pili d2, karibu bila kujali Mweusi anafanya nini. Siwezi kuuita ufunguzi mbaya, kwani Ding Liren aliutumia mwaka 2023 katika mchezo wa sita wa mashindano ya ubingwa wa dunia dhidi ya Ian Nepomniachtchi, akashinda, na baadaye akawa bingwa. Tatizo langu ni lile neno nililolitumia sasa hivi: bila kujali. Ding anajali. Anajua ni wakati gani askofu asiende f4. Mtoto anayejifunza London anajifunza kucheza hatua saba akiwa anatazama upande wake wa ubao tu, na siku Mweusi anaposukuma askari c5 na kumleta malkia b6, nyumba ya b2 iliyoachwa na askofu inashambuliwa, naye anaendelea kusogeza kete kama alivyozoea kwa sababu hatua ya sita ni ile. Hata asipopoteza kitu hapo, mchezo unafungika, askari wanakabana, na anashindwa hatua ya 40 kwa jambo lililoanza hatua ya 12. Ukimuuliza alikosea wapi atakujibu kwamba hajui, na atakuwa amesema kweli. Aucheze London baada ya mwaka au miwili, akiwa na jicho.

Nije kwa Mweusi, ambako ndiko wengi wanakochanganyikiwa zaidi, kwa kuwa Mweusi hachagui peke yake. Mweupe akicheza e4, mpeni e5. Mtacheza michezo ya aina ile ile mnayoicheza mkiwa Weupe, kwa hiyo kila mnachojifunza upande mmoja kinawafaa upande wa pili, na hilo peke yake ni akiba kubwa ya muda kwa mwanafunzi mwenye masomo mengine. Wapo watakaowashawishi mcheze Ulinzi wa Kisisilia, yaani kujibu e4 kwa c5, kwa sababu Bobby Fischer aliucheza na Garry Kasparov aliucheza, wote wawili waliowahi kuwa mabingwa wa dunia. Ni kweli waliucheza. Katika tawi lake maarufu lenye jina la Miguel Najdorf, Mweusi katika hatua ya tano anamsogeza askari wa a hadi a6. Namwomba kijana yeyote hapa asimame aniambie kwa sentensi moja kwa nini. Sababu zipo, tena nzuri, zinazohusu nyumba ya b5 na mipango ya hatua kumi zijazo, lakini anayeanza atacheza a6 kwa sababu Kasparov aliicheza, na Mweupe atakapomvamia hatua ya 15 hatajua kama kosa ni a6 au ni hatua aliyoisahau.

Caro-Kann, ambako Mweusi anaanza kwa c6 na kufuatisha d5, naukubali kama chaguo la pili kwa mtoto mwenye subira. Horatio Caro na Marcus Kann, waliouchambua mwaka 1886, waliacha kitu kinachoeleweka: askari wa c6 yupo pale ili d5 ikiliwa, askari mwenzake ale na kurudi katikati, na askofu wa c8 bado ana njia ya kutoka. Ulinzi wa Kifaransa una wazo hilo hilo kwa kutumia e6, ila humfungia ndani askofu huyo wa c8, na nimeona wachezaji wazuri kabisa wakimbeba askofu huyo mchezo mzima kama mzigo usio na mwenyewe.

Mweupe akicheza d4, mjibuni d5. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo tabia ya drafti inapotuumiza. Sisi watu wa ukanda huu wa ziwa tumekulia kwenye drafti. Ukipita vijiweni, iwe sokoni au kwenye vituo vya bodaboda, hukosi ubao na vizibo vya soda, na wazee waliouzunguka wakicheka kila anayeliwa. Ubao wenyewe ni ule ule wa nyumba 64, na nawafahamu vijana ambao sataranji wamejifunzia juu ya ubao wa drafti wa baba zao. Lakini katika drafti kula ni lazima. Mkono uliozoea hivyo unapofika kwenye sataranji unakula chochote kilichowekwa mbele yake, kisha unataka kukishika.

Basi Mweupe anacheza d4, Mweusi d5, na Mweupe anamweka askari mwingine c4. Hii ndiyo Gambiti ya Malkia: askari wa c4 ametolewa kama chambo ili askari wa d5 aondoke katikati. Mweusi anakula c4. Hakuna ubaya hadi hapo, kuna mabingwa wanaokula. Mweupe anasogeza e3 ili askofu wake wa f1 amfikie yule askari wa c4. Sasa Mweusi mwenye mkono wa drafti hakubali kunyang'anywa alichokula, na anamleta askari b5 kukilinda. Mweupe anampiga kwa a4. Mweusi anaongeza mlinzi, c6. Mweupe anakula b5, Mweusi anakula kwa askari wa c6, na bado anahesabu kwamba ana askari mmoja zaidi. Ndipo malkia wa Mweupe anapotoka d1 hadi f3.

Tazameni mshazari kutoka f3: e4 tupu, d5 tupu, c6 tupu, b7 tupu, na mwisho wake ni ngome ya a8 isiyo na pa kukimbilia. Njia pekee ya kuiokoa ni kuweka kete nyingine katikati ya mstari huo ili iliwe badala yake. Farasi akienda c6, malkia anamla kwa cheki. Mweusi amepoteza farasi mzima kwa kung'ang'ania askari mmoja, na hatua zote zilizomfikisha hapo ni zake mwenyewe. Mchezo huu mdogo nawafundisha wote wanaotoka kwenye drafti, na sijapata dawa ya mkono wa kula iliyo bora kuliko huu.

Jibu jepesi kwa anayeanza ni kutokula. Aweke e6, amlinde d5, amfungulie njia askofu wa f8, amtoe farasi f6 na kumwingiza mfalme ngomeni. Najua mwenye masikio makali atauliza kama askofu wa c8 hajafungiwa hapa pia, wakati dakika chache zilizopita nimeulaumu Ulinzi wa Kifaransa kwa jambo hilo. Amefungiwa kweli. Tofauti ni kwamba kwenye ule wa Kifaransa askari wa Mweupe mara nyingi husonga hadi e5, akamnyima farasi nyumba ya f6 na kuubana upande wote wa mfalme, ilhali hapa Mweusi anapumua na anaweza baadaye kusukuma c5 au kumtoa askofu huyo kupitia b7. Si ufunguzi usio na kasoro. Ni ufunguzi ambao kasoro yake unaiona tangu hatua ya pili, ukaifanyia kazi.

Hadi hapa mmeona kwamba anayeanza hahitaji zaidi ya vitu vitatu: Ufunguzi wa Kiitalia akiwa Mweupe, e5 dhidi ya e4, na d5 dhidi ya d4. Mpinzani akileta jambo jingine, mathalani c5 dhidi ya e4 yako, usitafute video usiku kucha. Mtoe farasi f3, sogeza d4, akila kula kwa farasi, mtoe farasi wa pili c3, mwingize mfalme ngomeni. Hutakuwa umecheza kama bingwa, ila kila kete itakuwa na sababu ya kuwa pale ilipo.

Kinachobaki ni kazi ya baada ya mchezo, na hii ndiyo inayoufanya uchaguzi wa ufunguzi uwe na faida. Andikeni hatua zenu. Daftari la mistari la kawaida linatosha, ukurasa mmoja kwa mchezo mmoja. Mchezo ukiisha, kabla hujamuuliza mwalimu na kabla hujafungua simu, pitia hatua zako za mwanzo moja baada ya nyingine na useme kwa sauti sababu ya kila moja, na pale unapofika ukakosa la kusema, chora mstari. Mara nyingi mtakuta mstari uko hatua ya saba au ya nane, mbali kabisa na pale mlipodhani mchezo uliharibika. Baada ya hapo simu ina ruhusa. Lichess, tovuti ya sataranji, haitozi chochote kwa kuchambua mchezo, nayo inatumia Stockfish, programu inayocheza vizuri kuliko binadamu yeyote. Lakini Stockfish itakupa namba, itakuambia kwamba hatua yako ya nane imekupunguzia kiasi fulani, na haitakuambia kwa nini. Ukiifungua kabla hujajiuliza mwenyewe, umepata jibu la swali usiloliuliza.

Wazazi wameniuliza kabla ya kikao ni lini mtoto abadilishe ufunguzi. Si baada ya kushindwa mara mbili mfululizo, kama wengi wanavyofanya. Michezo mingi ya wanaoanza haipotei kwenye ufunguzi kabisa. Inapotea kwa farasi aliyeachwa bila mlinzi au ngome iliyosahauliwa, na kubadilisha ufunguzi kwa sababu hiyo ni kuhama nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo. Atakapoanza kuleta daftari ambalo mistari yake imesogea hadi hatua ya 12 na zaidi, na anapouliza maswali ambayo Ufunguzi wa Kiitalia hauyajibu, hapo mwalimu amwonyeshe ule wa Kihispania, na sasa mtoto atamwelewa yule askofu wa b5.

Mbao ziko tayari pale nyuma. Kwa mzunguko wa leo nimekubaliana na walimu walezi kwamba kila Mweupe ataanza kwa e4 na kila Mweusi atajibu e5, farasi wote wawili watoke, askofu aende c4, na kuanzia hapo kila mmoja acheze anavyoona. Daftari na kalamu mtazipata kwa mwalimu aliye mlangoni, na hakuna atakayeketi kwa mchezo wa pili kabla hajachora mstari wake kwenye ule wa kwanza.